Teatro za Wagiriki wa Kale: Sifa ya Sauti na Kipimo Chake



Wageni wanaokwenda Ugiriki kutazama majengo ya kale hupelekwa Epidauros. Pale pana teatro ya mawe, ndiyo mahali palipojengwa kwa michezo ya kuigiza na nyimbo. Kiongozi wa wageni husimama katikati ya uwanja wa chini. Huangusha senti moja juu ya jiwe, hupasua kipande cha karatasi, huwasha kibiriti. Walioketi juu kabisa, katika safu ya mwisho, humpungia mikono kwa furaha kumwonyesha kwamba wamesikia. Kisha hurudi kwao na kusimulia ya kuwa Wagiriki wa kale walijua siri ambayo sisi tumeipoteza: mtu hunong’ona chini, na watu elfu kumi na zaidi humsikia pasipo chombo chochote.

Je, habari hii ni ya kweli? Kama ni ya kweli, sababu yake nini? Na kama si ya kweli yote, mpaka wake uko wapi? Sifa ni kitu kimoja, kipimo ni kitu kingine. Mwenye kusoma historia hawezi kuridhika na sifa, hata ikiwa nzuri na ya kupendeza. Yampasa kuuliza: nani alipima? Alipima kwa njia gani? Akaona nini? Hayo ndiyo tutakayoyatazama hapa, na tutaona mwishoni kwamba kipimo hakiwashushi Wagiriki. Kinawaheshimu kuliko hadithi ya siri.

1. Mahali penyewe

Epidauros ilikuwa mahali pa ibada ya Asklepios, aliyehesabiwa na wapagani wale kuwa mungu wa uponyaji. Wagonjwa walitoka pande zote kutafuta afya, na sikukuu zake zilikuwa na michezo na nyimbo. Teatro ilijengwa ubavuni mwa kilima, katika miaka ya mwisho ya karne ya 4 mbele ya Kristu. Sehemu ya chini ina safu 34 za viti vya mawe. Baadaye, katika karne ya 2 mbele ya Kristu, ikaongezwa sehemu ya juu yenye safu 21. Jumla ni safu 55, na watu 13,000 au 14,000 hivi waweza kuketi.

Chini kabisa pana uwanja wa duara wenye upana wa metri 20 hivi. Wagiriki waliuita orkestra, maana yake mahali pa kucheza ngoma. Kwani waimbaji wa kundi walicheza na kuimba pale. Nyuma ya uwanja palikuwa na nyumba ya wachezaji, nayo iliitwa skene. Leo nyumba hiyo imebaki misingi tu. Viti vyauzunguka uwanja kwa zaidi ya nusu ya duara, navyo vyapanda kilimani kama ngazi kubwa. Mtu wa safu ya kwanza yuko karibu metri 12 kutoka katikati ya uwanja; mtu wa safu ya mwisho yuko karibu metri 60, na juu kwa zaidi ya metri 20.

Msafiri mmoja Mgiriki, jina lake Pausanias, alipita huko katika karne ya 2 baada ya Kristu. Yeye ndiye aliyetuandikia kwamba fundi wa teatro ile aliitwa Polykleitos. Aliisifu sana. Alisema teatro za Waroma zaishinda kwa mapambo, na ile ya Megalopolis yaishinda kwa ukubwa, lakini kwa uzuri na ulinganifu hakuna ya kushindana nayo. Tuangalie vema: Pausanias alisifu uzuri kwa macho. Habari za senti inayoanguka hakuziandika, wala juu ya usikivu hakusema neno. Teatro ilifunikwa na udongo na miti kwa karne nyingi, mpaka Panagis Kavvadias alipoanza kuifukua mwaka 1881. Mwaka 1938 wachezaji wa Athene waliigiza humo tena mchezo wa Sofokles, na tangu miaka ya 1950 michezo huchezwa humo kila mwaka wakati wa kiangazi. Basi, sifa ya sauti ya Epidauros jinsi tunavyoisikia leo imekuzwa hasa na watu wa nyakati hizi zetu.

2. Jinsi wakale walivyopima kwa sikio

Tusidhani kwamba Wagiriki walijenga kwa kubahatisha. Hawakuwa na mashine, lakini walikuwa na masikio, na walikuwa na desturi ya kuuliza sababu.

Kuna kitabu cha maswali kilichotoka katika shule ya Aristoteles. Sehemu yake ya 11 ni ya sauti tu. Humo twakuta swali hili: kwa nini kundi la waimbaji husikika hafifu wakati uwanja wa orkestra umetandikwa majani makavu? Jibu lake ni kwamba sauti, ikianguka juu ya kitu kisicho laini, hairudi vizuri. Juu ya uwanja ulio sawa yarudi yenye nguvu. Swali dogo, lakini ni kipimo cha kweli. Kuna hali mbili zinazolinganishwa, uwanja wenye majani na uwanja mtupu. Kila kitu kingine ni kilekile. Na sikio laona tofauti. Mtu aliyeuliza hivyo alikuwa amekwisha kujua ya kuwa si kinywa tu kinachosema: hata sakafu yasaidia kusema.

Baadaye, katika miaka 30 hivi ya mwisho mbele ya Kristu, fundi Mroma Vitruvius aliandika vitabu kumi vya ujenzi. Katika kitabu cha 5 aeleza habari za teatro. Asema sauti hutembea kama duara za maji wakati jiwe linapotupwa ziwani. Ila maji huenea upande tu, na sauti huenea upande na tena hupanda juu. Kwa hiyo atoa sheria ya ujenzi: ukivuta kamba kutoka kiti cha chini mpaka kiti cha juu kabisa, lazima iguse kingo za safu zote. Safu moja ikiinuka kupita kamba, itaizuia sauti isiwafikie walio nyuma. Sheria hii kila mwashi aweza kuifahamu, naye aweza kuijaribu kwa kamba yake.

Vitruvius aliandika pia habari ya vyungu vya shaba. Asema katika teatro fulani waliweka vyungu ndani ya vyumba vidogo kati ya viti, vikiwa vimelinganishwa kwa tuni mbalimbali, ili kila chungu kiitikie sauti iliyo sawa nacho. Aongeza kwamba mkuu wa jeshi Mummius, alipouharibu mji wa Korinto (mwaka 146 mbele ya Kristu), alichukua vyungu vya namna hiyo kutoka teatro ya mji na kuvipeleka Roma. Naye Vitruvius akiri kwamba katika Roma kwenyewe hakuna teatro yenye vyungu hivyo.

Habari hii ya vyungu ilisafiri mbali, hata ikaingia katika makanisa. Mwaka 1432, katika monasteri ya Waselestini wa Metz, mkuu wa nyumba alirudi kutoka mkutano wa shirika lake. Akaagiza vyungu vya udongo viwekwe katika kuta za kwaya, kwa sababu alikuwa ameviona katika kanisa lingine na kufikiri kwamba vitaufanya wimbo uvume vizuri zaidi. Jambo hili liliandikwa katika kitabu cha habari za monasteri ile, na mtu mwingine akaandika pembeni maneno ya kuwacheka. Vyungu vya namna hiyo vimeonekana katika kuta za makanisa mengi ya Ulaya. Tazama jinsi sifa inavyokwenda: mmoja aliandika, mwingine akasoma, wa tatu akaona kwa jirani, wa nne akajenga. Hatusomi kwamba yule mkuu wa Metz aliimbisha kwaya yake kwanza bila vyungu, kisha pamoja na vyungu, akalinganisha. Kwa jambo hili mwanafunzi wa Aristoteles na majani yake makavu alimtangulia.

3. Mchezaji aliyekosea sauti

Historia yatupa kipimo kingine cha ajabu, ambacho hakuna mtu aliyekipanga.

Tujue kwanza kwamba Sofokles na Euripides walikuwa wamekwisha kufa zaidi ya miaka 50 kabla ya teatro ya Epidauros kujengwa. Michezo yao ilichezwa mara ya kwanza Athene, katika teatro ya Dionysos, chini ya mlima wa Akropolis. Na wakati ule watu wengi waliketi juu ya mbao. Viti vya mawe vilikuja baadaye, katika karne ya 4.

Mwaka 408 mbele ya Kristu Euripides alionyesha mchezo wake Orestes. Mchezaji wa kwanza aliitwa Hegelokhos. Alikuwa na maneno yanayosema kwamba baada ya dhoruba aona tena utulivu wa bahari. Neno la Kigiriki la utulivu, likikatwa mwishoni, hukaribia sana jina la mnyama mdogo mfano wa kicheche. Tofauti yao ni pumzi kidogo na kupanda au kushuka kwa sauti. Hegelokhos alikosa pumzi, akatamka vibaya, na watu wakasikia kwamba baada ya dhoruba aona tena kicheche! Teatro nzima ikacheka. Miaka mitatu baadaye Aristofanes alikuwa bado akimcheka Hegelokhos katika mchezo wake Vyura, na watunga michezo wengine pia walimfanyia mzaha.

Msomaji anayesema Kiluba au Mashi atafahamu upesi, kwani katika lugha hizo vilevile sauti ikipanda au ikishuka neno hugeuka. Kigiriki cha kale kilikuwa hivyo. Basi, tufikiri: maelfu ya watu, mahali pa wazi, juu ya mabenchi ya mbao, walisikia kosa dogo la tuni katika silabi moja. Hapa hakuna siri ya mawe ya Epidauros, maana Epidauros haikuwako bado. Hapa pana kilima, sauti iliyofundishwa, na watu walionyamaza wakisikiliza.

Na sauti zile zilifundishwa kweli. Kitabu kilekile cha maswali chatuambia kwamba wachezaji na waimbaji walifanya mazoezi ya sauti asubuhi mapema, kabla ya kula. Wachezaji wa Athene walishindania zawadi yao wenyewe tangu katikati ya karne ya 5, na watu walijua kupima sauti ya mtu kama sisi tunavyojua kupima mpiga ngoma. Demostenes msemaji mkuu, kama Plutarkhos asimuliavyo, aliweka vijiwe kinywani na kusema kwa nguvu huku akipanda mlima, ili aponye ulimi wake na pumzi yake.

4. Wapimaji wenye vyombo

Ili kupima sauti vizuri yafaa kujua kwanza mwendo wake. Katika jambo hili mtawa mmoja ana heshima kubwa: Padri Marin Mersenne, wa shirika la Waminimi, aliyekaa Paris. Alitumia mwangwi ili kujua sauti yaenda kasi gani, na mwaka 1636 alitoa kitabu chake kikubwa juu ya muziki na sauti. Leo twajua kwamba katika hewa ya kawaida sauti hupita karibu metri 340 kwa sekunde moja. Kutoka katikati ya uwanja wa Epidauros mpaka safu ya mwisho, sauti haitumii hata sehemu moja ya tano ya sekunde.

Kwa hesabu hii twaweza kufahamu mambo matatu.

Kwanza: sauti hupungua kwa umbali. Ukienda mbali mara mbili, nguvu yake yabaki robo. Aliye katika safu ya mwisho ya Epidauros yuko mbali mara tano kuliko wa safu ya kwanza. Basi apata sehemu moja tu kwa 25 ya nguvu anayoipata yule wa mbele. Hakuna jiwe linaloweza kuifuta sheria hii.

Pili: sauti inayorudi yaweza kusaidia au kuharibu. Ikigonga sakafu ya uwanja na kufika sikioni karibu pamoja na sauti ya kinywa, sikio huziunganisha na kusikia neno moja lenye nguvu zaidi. Lakini ikichelewa kupita sehemu moja ya 20 ya sekunde hivi, huanza kufunika silabi inayofuata, na maneno huchanganyika. Katika teatro ya wazi hakuna dari wala kuta ndefu za kurudisha sauti iliyochelewa. Kwa hiyo maneno hubaki safi.

Tatu: sauti inayopita juu ya vichwa vya watu kwenye uwanja wa tambarare humezwa na nguo na miili yao. Viti vikipanda kwa nguvu, kama vya Epidauros, kila mtu huiona njia ya sauti iko wazi mbele yake. Hapo twaona kwamba kamba ya Vitruvius ilisema kweli.

François Canac, mwenye elimu ya fizikia wa Marseille, alizichunguza teatro za kale kwa miaka mingi, na mwaka 1967 alitoa kitabu juu ya usikivu wake. Alichora njia za sauti kama mtu achoravyo njia za mwanga: moja yatoka kinywani moja kwa moja, nyingine yagonga uwanja, nyingine ukuta wa skene. Kwake uwanja mtupu wa orkestra si nafasi iliyopotea. Ni kama kioo cha sauti. Twakumbuka hapo majani makavu ya mwanafunzi wa Aristoteles.

Mwaka 1973 Robert Shankland, Mmarekani, aliandika juu ya teatro za Wagiriki alizozipima. Kipimo cha namna alichokitumia yafaa tukieleze, kwa kuwa hakihitaji mashine kubwa. Mtu husimama uwanjani na kusoma silabi zisizo na maana yoyote. Watu wengine wameketi mahali mbalimbali, wa mbele, wa katikati, wa nyuma, kila mmoja na karatasi yake, nao huandika wanachosikia. Kisha huhesabiwa silabi ngapi zimeandikwa sawa. Kwa nini silabi zisizo na maana? Kwa sababu akili yetu hujaza pengo. Mtu akisikia nusu ya sala anayoijua, atadhani amesikia yote. Silabi tupu hazina msaada huo: ama umesikia, ama hukusikia. Mgeni anayengojea senti ianguke amekwisha kuambiwa kwamba ni senti. Sikio lake limesaidiwa kabla ya kupimwa.

Mwaka 2007 Nico Declercq na Cindy Dekeyser, Wabelgiji, walitoa hesabu iliyofanywa kwa kompyuta juu ya viti vya Epidauros. Walisema safu za mawe zilizopangwa kama ngazi hufanya kazi ya chujio: sauti nzito za chini, kama uvumi wa upepo na mnong’ono wa watu wengi, hupungua, sauti nyembamba zinazobeba konsonanti na usafi wa neno hupita. Sehemu nzito ya sauti ya msemaji nayo hupungua, lakini akili ya msikilizaji huikamilisha yenyewe. Maelezo haya yaliwapendeza wengi. Yafaa tukumbuke tu kwamba yalikuwa hesabu ya mfano. Hayakuwa bado kipimo kilichochukuliwa kitini.

Kipimo hicho kilitangazwa mwaka 2017. Constant Hak na wenzake wa chuo kikuu cha ufundi cha Eindhoven, Uholanzi, walipima teatro ya Epidauros, ile ya Argos, na Odeion ya Herodes Atticus katika Athene. Waliweka vipaza sauti uwanjani na mikrofoni 20, wakizihamisha toka mahali hata mahali kati ya viti, wakakusanya maelfu ya vipimo. Matokeo yao ni haya. Senti ikianguka au karatasi ikipasuka, mlio wasikika katika teatro yote. Lakini kuutambua kwamba ni senti au ni karatasi, hilo huishia katikati ya viti. Kibiriti hushindwa mapema zaidi. Mnong’ono hufahamika kwa walio safu za mbele tu. Ili maneno yafahamike katika safu ya mwisho, msemaji lazima asema kwa sauti kubwa.

Magazeti ya Ulaya yakapiga kelele kwamba sifa ya Wagiriki imeanguka. Wengine wakawajibu Waholanzi: mmepima teatro isiyo na skene yake, mawe yamekwaruzwa na mvua ya zaidi ya miaka 2,000, nanyi mlitumia chombo mahali pa mchezaji mwenye sauti iliyofundishwa. Majibu haya yana haki yake. Kipimo husema juu ya kitu kilichopimwa, yaani teatro jinsi ilivyo leo. Lakini sheria ya umbali ilikuwa ileile zamani za Polykleitos, na hata skene nzima haiwezi kumfikishia mtu wa metri 60 mnong’ono wa kweli.

5. Efezo: teatro isiyosikika

Labda msomaji atasema: basi yote ni kilima na sakafu. Hapana. Limebaki jambo moja, nalo twaliona katika Matendo ya Mitume, sura ya 19.

Teatro ya Efezo ilianzwa na Wagiriki na kupanuliwa na Waroma, na watu 24,000 hivi waliweza kuketi humo. Demetrio fundi wa fedha alipowachochea wenzake juu ya Paulo, umati uliwakamata Gayo na Aristarko, ukakimbilia teatroni. Paulo alitaka kuingia na kusema na watu, wafuasi wakamzuia. Ndani, wengine walilia hivi, wengine vile, na wengi hawakujua kwa nini wamekusanyika. Aleksandro akasukumwa mbele. Akapunga mkono, akataka kujitetea. Lakini walipomtambua kuwa Myuda, wakapiga kelele kwa sauti moja, wakimsifu mungu wao Artemi, kwa muda wa saa mbili.

Jengo lilikuwa moja na lile ambalo mchezaji mmoja aliweza kusikika na maelfu. Viti ni vilevile, mteremko ni uleule. Lakini Aleksandro hakusikika hata neno moja, mpaka karani wa mji alipoutuliza umati, akasema, na watu wakamsikia, wakaondoka. Luka hakuandika ili atufundishe elimu ya sauti. Hata hivyo ametuachia ushuhuda ulio wazi: teatro husaidia sauti ya mmoja mahali wengi wananyamaza. Wengi wakisema, jengo lilelile hukuza kelele yao.

6. Tufahamu nini

Tukikusanya yote, twaona usikivu wa teatro za Wagiriki ulisimama juu ya mafiga matatu, na chungu hakikai juu ya mawili. Figa la kwanza ni mahali: mteremko, sakafu laini ya uwanja, kutokuwa na ukuta unaorudisha sauti iliyochelewa, bonde tulivu mbali na kelele. La pili ni sauti: mchezaji aliyeamka mapema kabla ya kula na kufanya mazoezi, aliyejua kwamba pumzi moja ikikosekana Athene yote itamcheka. La tatu ni kimya cha wanaosikiliza.

Hadithi ya mnong’ono yaacha figa moja tu, la mahali. Yawafanya Wagiriki kuwa wenye uchawi wa mawe, na yasahau kazi ya watu. Kipimo chawarudishia watu heshima yao. Kwa hiyo wapimaji hawakuharibu kitu. Waliiondoa sifa ya uongo iliyofunika sifa ya kweli, kama Kavvadias alivyoondoa udongo uliofunika viti.

Nasi tunaposoma habari za zamani, za Ulaya au za wazee wetu, tushike njia hii. Habari njema tusiikatae kwa kiburi, wala tusiipokee kwa sababu tu yapendeza. Tuulize nani aliona, alilinganisha na nini, na kama ametuambia mpaka wa alichokiona.

Kuna tena faida iliyo karibu zaidi. Watu hulalamika mara nyingi kwamba katika kanisa fulani Neno la Mungu halisikiki nyuma, na lawama huangukia jengo, au chombo cha kupaza sauti. Huenda ni kweli. Lakini nani amepima? Kipimo cha silabi chahitaji karatasi na kalamu tu. Katekista asimame mahali pa somo, asome pole pole silabi 50 zisizo na maana. Vijana wachache waketi mbele, katikati, karibu na mlango, wakiandika. Kisha waoneshane karatasi. Wafanye vilevile na msomaji mwingine, tena siku kanisa limejaa watu. Kama silabi zapotea kwa wasomaji wote, jengo lina kosa, na fundi aitwe. Kama zapotea kwa mmoja tu, basi jengo halina kosa, na yule msomaji aamke mapema, kabla ya kula, afanye mazoezi kama wachezaji wa Athene. Mama mzee aliyeketi karibu na mlango alitembea njia ndefu ili asikie. Haifai arudi nyumbani na nusu ya neno.